"Ni dakika kumi tu" haifuti kibali

Wiki hii nimesimamisha tena kazi ya kuchomelea iliyotaka kuanza bila kibali cha kazi, yaani ruhusa ya maandishi ya kufanya kazi ya hatari, na jibu likawa lile lile: "Bosi, ni dakika kumi tu, halafu huyu fundi ana miaka 20 kwenye kazi." Nimechoka kulijibu mlangoni. Ngoja nilijibu hapa.

Muda hauhusiani na kibali. Cheche ya grainda huruka hata mita 10, hujificha kwenye vumbi au ndani ya upenyo wa ukuta, na moto huwaka fundi akiwa ameshafungasha vifaa na kuondoka. Ndiyo maana kibali cha kazi ya moto kinataka mtu abaki akiangalia baada ya kazi kwisha, nusu saa kwa uchache. Mimi nadai saa nzima.

Hoja ya uzoefu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inasemwa na watu wenye akili. Fundi wa mkandarasi anajua kuchomelea kuliko mimi. Lakini hajui bomba lile jana lilipitisha nini, wala pampu ipi hujiwasha yenyewe, wala vali ipi inavuja hata ikifungwa. Hayo anayajua mwenye mtambo. Kibali ni mazungumzo kati ya anayeijua kazi na anayepajua mahali, yakiwekewa saini na saa ya mwisho. Kwa hiyo mkandarasi hawezi kujipa kibali mwenyewe, na kipengele cha usalama kwenye mkataba hakichukui nafasi ya kibali.

Karatasi bila mazungumzo haitoshi. Kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, vibali vilikuwepo. Vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa na wakandarasi kwa matengenezo, tundu lake likafunikwa kwa flanji kipofu, yaani bamba la chuma la kuziba bomba. Pampu ya pili ilipozima usiku, zamu iliyoingia haikujua kwamba vali haipo. Ikawashwa ile ya kwanza, gesi ikatoka. Walikufa watu 167.

Kazi zinazohitaji kibali ni zile mnazozijua: moto nje ya karakana, kuingia tangini au shimoni, kufungua bomba lenye mgandamizo, umeme, kuchimba penye nyaya, kazi za juu. Kwenye matangi naongeza jambo moja. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 haingii mtu, na ikizidi 23.5 vilevile, maana hapo nguo huwaka kama karatasi iliyolowa mafuta. Pima juu, katikati na chini, kwa kuwa methani hupanda na gesi ya mayai viza (hidrojeni salfaidi) hukaa chini. Kipimo cha asubuhi si kipimo cha alasiri.

Sasa shaka yangu. Kuna saiti zinazodai kibali hata cha kubadilisha balbu. Msimamizi anasaini arobaini kwa siku bila kunyanyuka kitini, na kile kimoja cha kuingia tangini kinapita humo humo. Mimi mwenyewe nimewahi kusaini bila kwenda kuona, siku yenye haraka, na bado linanisumbua. Tena, kwa kazi za juu tunatumia mpaka wa mita 2, lakini watu hufa kwa kuanguka chini ya hapo. Namba hiyo naifuata bila kuiamini sana. Swali ninalojiuliza ni hili: kazi ikiharibika, itaharibiwa na kitu ambacho mfanyaji hakioni wala hana uwezo nacho? Kama ndiyo, tuandike kibali.

Yule fundi wa wiki hii nilizunguka naye hadi upande wa pili wa ukuta aliotaka kuchomelea. Palikuwa na mapipa matatu ya thina, moja halina kifuniko. Tukayahamisha, tukapima gesi, tukasaini. Kuchomelea kwenyewe kulichukua dakika saba, na kijana wake alibaki pale na mtungi wa kuzimia moto hadi saa ikaisha.