Jatiluwih: ule mpunga wa ngazi sio mapambo ya watalii

Watu wengi wakiona picha za Jatiluwih, kijiji cha Tabanan kule Bali, Indonesia, wanadhani ile mpunga iliyopandwa ngazi ngazi mlimani ni bustani ya watalii, na maombi ya wakulima hekaluni ni ushirikina tu. Hapana jamani. Pale watu wanalima, tena mpunga mwekundu, na maji yanagawanywa na subak, yaani ushirika wa wakulima wenye majaruba yanayokunywa maji ya mfereji mmoja. Kwenye mfereji unakuta gogo limelazwa, limechongwa mianya, kila mwanya upana wake ndo fungu la maji la mtu.

Sasa utauliza, aliye juu si ajaze lake kwanza awaache wa chini wakavu? Anaweza, ila wa chini wakikosa maji hawatapanda naye, na wakipanda kila mtu kivyake wadudu na panya wanahama jaruba hadi jaruba, hawakosi chakula, so inabidi wapande pamoja na wapumzishe mashamba pamoja, na ratiba hiyo inafungamana na mahekalu ya maji. Miaka ya 1970 serikali ikawahimiza wapande mfululizo na mbegu mpya, wadudu wakafumuka vibaya. UNESCO iliuingiza mfumo huu kwenye urithi wa dunia 2012. Watalii? Wapo kibao, mpaka kero.