Ndoa za utotoni katika vita: maswali na majibu kwa familia za mashariki ya Kongo

Sheria imekataza. Mbona bado mabinti wanaozwa?

Katazo liko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya ulinzi wa mtoto, inazuia uchumba na ndoa ya aliye chini ya miaka 18, na marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yameweka umri huohuo kwa msichana na mvulana. Baba hata akikubali, mama hata akikubali, ndoa haiwi halali.

Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2017–2018 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24 nchini Kongo, 29 hivi waliingia kwenye ndoa au kuishi na mwanamume kabla ya kutimiza 18, na 8 kabla ya 15. Vita havikuleta desturi hii. Mikoa isiyosikia risasi inayo pia. Kazi ya vita ni kuondoa kila kilichokuwa kikiizuia. Familia ikikimbia Masisi au Rutshuru huacha shamba, mbuzi na akiba, na mahari hubaki karibu njia pekee ya kupata fedha kwa mkupuo. Shule hugeuka makazi ya wakimbizi. Binti anayetoka kambini kutafuta kuni hubakwa njiani, jambo lililoshuhudiwa mara nyingi kwenye kambi zilizozunguka Goma. Mzazi anapiga hesabu: akiwa na mume, ana mlinzi.

Hesabu hiyo haitokani na ujinga, na anayekuja kuwahubiria wazazi bila kugusa suala la kuni, chakula na shule anapoteza muda wake. Ila imeacha kitu kimoja nje, nacho ni mwili wa binti. Hatari ya njiani haimwachi, na anaongezewa nyingine, ya kitanda cha kujifungulia.

Akishavunja ungo si tayari ana uwezo wa kuzaa?

Ana uwezo wa kushika mimba, na hilo ni jambo tofauti. Damu ya kwanza huja kabla nyonga haijamaliza kukua. Mifupa yake huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baadaye. Kichwa cha mtoto kikikuta njia nyembamba, uchungu unaendelea lakini mtoto hashuki. Huo ndio uchungu pingamizi. Binti aliyekula mlo mmoja kwa siku tangu utotoni huwa mfupi na mwenye nyonga ndogo zaidi, kwa hiyo njaa ya vita hulipwa mara ya pili siku ya uzazi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza pia kwamba wajawazito wa miaka 10 hadi 19 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya mfuko wa uzazi kuliko wa miaka 20 hadi 24. Watoto wao huzaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi zaidi.

Fistula inatokeaje hasa?

Kichwa kilichokwama hubana nyama laini kati yake na mfupa wa nyonga. Damu haifiki pale, nyama inakufa, na siku chache baadaye kipande hicho kinadondoka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Tundu hilo ndilo fistula. Mara nyingi mtoto huwa ameshafariki. Mkojo unatoka bila kukoma, usiku na mchana.

Kosa linalofuata hufanyika nyumbani: mgonjwa anaacha kunywa maji ili asilowe. Mkojo unakuwa mkali, unachubua mapaja, na mawe huweza kujitengeneza kibofuni. Anywe lita 4 hadi 5 kwa siku, na akalie maji yenye chumvi kidogo mara mbili kwa siku.

Kuwahi kunaokoa. Tundu dogo, bichi, huweza kuziba lenyewe mpira wa mkojo (katheta, unaotoa mkojo kibofuni) ukiwekwa mapema na kubaki wiki 4 hadi 6. Hata asiyevuja, akishapitia uchungu pingamizi anapaswa kubaki na mpira kwa siku 14 hivi, kibofu kipumzike. Ukiona kituo kinautoa siku ya pili, uliza sababu. Tundu lililokwishakomaa linahitaji upasuaji. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, na HEAL Africa mjini Goma zina uzoefu mrefu wa kazi hiyo.

Binti yetu ameshaolewa na ana mimba. Tufanye nini sasa?

Huyu ndiye anayesahaulika zaidi. Mikutano ya uhamasishaji huwaita wanafunzi. Yeye yuko kwa mume, anachota maji.

Aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, na ahudhurie mara 8 hadi kujifungua. Kila hudhurio apimwe shinikizo la damu. Na mkojo upimwe kama una protini, maana kifafa cha mimba hutoa ishara kabla ya kuangusha mtu. Apimwe damu, VVU na kaswende. Ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Vikimpa kichefuchefu avimeze baada ya chakula, asiviache. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na apewe dawa ya kuzuia malaria kuanzia miezi mitatu ya pili.

Asizalie nyumbani, wala kwenye kituo kisichoweza kumpeleka haraka penye upasuaji. Mahali ambapo barabara hufungwa usiku au kuna vizuizi vya wenye silaha, asisubiri uchungu: ahamie karibu na hospitali wiki 2 au 3 kabla ya tarehe yake, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria uzazi kama ipo. Mkubaliane mapema na mwenye pikipiki, fedha yake iwekwe kando, na watu wawili wajulikane watakaochangia damu. Tena iamuliwe leo nani anaruhusu safari mume akiwa hayupo. Wengi hufa wakisubiri neno la mtu aliyeko machimboni.

Msisubiri hata saa moja mkiona: kuumwa kichwa sana na kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, damu ukeni, homa, maji kupasuka bila uchungu, au uchungu uliodumu zaidi ya muda wa saa 12.

Amebakwa, na wazee wanataka mbakaji amwoe ili aibu iishe.

Hospitali kwanza, mkutano wa wazee baadaye. Dawa za kukinga VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonogestreli miligramu 1.5 mara moja, hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Atapewa pia dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B. Nguo alizovaa msizifue. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huozesha ushahidi. Matibabu hayasubiri mashtaka.

Kumwozesha kwa mbakaji ni kuhalalisha ubakaji uendelee kila usiku. Sheria namba 06/018 ya mwaka 2006 inaadhibu anayemlazimisha mtu kuolewa kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 12, na kiwango cha chini huongezwa maradufu kwa aliye chini ya miaka 18. Vivyo hivyo kwa waliotekwa wakaitwa wake wa wapiganaji: mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, kundi la waasi lililoanzia Uganda, kifungo cha miaka 25, na ndoa ya kulazimishwa ilikuwa miongoni mwa makosa yake. Anayerudi kutoka msituni ni mhanga. Hana mume wa kurudishiwa.

Tutathibitishaje umri wakati vyeti viliungua?

Kadi ya chanjo, rejista ya shule au kadi ya ubatizo husaidia. Mahakama ya watoto inaweza kutoa hukumu inayoshika nafasi ya cheti. Mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku 90, ni bure.

Ameshazaa, anataka kupumzika. Je, njia za uzazi wa mpango zitamwua kizazi?

Hapana. Vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, na vinafaa kwa anayeweza kukimbia tena wakati wowote. Sindano ni ya miezi 3, na uzazi huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Akae angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Aliyefanyiwa upasuaji wa fistula asilale na mwanamume kwa angalau miezi 3, na mimba yoyote ijayo ajifungue kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza.