"Hajawa tayari": utayari wa kuacha kilevi ni nini hasa

Popote yanapozungumzwa mambo ya uraibu utaisikia sentensi hii. Ndugu wa mgonjwa wanaisema, mjumbe wa mtaa anaisema, na kinachoniuma zaidi ni kuisikia kwa wanasihi wenzangu: "Huyo hajawa tayari." Ikishatamkwa, faili linafungwa, kijana anarudi maskani, na mama yake anaambiwa asubiri mpaka mwenyewe atake. Wazee wanamalizia kwa methali yao kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba tatizo limeshaelezwa, wakati hakuna kilichoelezwa.

Utayari, kwa maana tunayoitumia kazini, ni kiasi ambacho mtu kwa siku ya leo yuko radhi kuanza kubadili matumizi yake ya kilevi. Unasimama juu ya vitu viwili: uzito anaoupa kuacha, na imani yake kwamba akijaribu ataweza. Hupanda na kushuka, hata kati ya asubuhi na jioni. Maana yenyewe inaishia hapo. Kazi iko kwenye hivyo vitu viwili, kwa sababu "hajawa tayari" inavichanganya kama vile ni kimoja.

Mtazame mtu wa unga, yaani heroini. Ndani ya saa 12 tangu kete ya mwisho arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inaanza: miayo isiyokwisha, machozi na kamasi, vinyweleo vinasimama, tumbo linasokota, anaharisha, mifupa inauma hadi hawezi kulala. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Mtu aliyewahi kupita humo akikataa kuacha, mara nyingi haongei habari ya kutaka au kutotaka. Anataka sana, amechoka kuiba, amechoka kukimbizwa. Anachokosa ni imani kwamba atafika siku ya nne akiwa mzima. Ukimpa mawaidha ya saa nzima kuhusu ubaya wa heroini unamweleza kitu anachokijua kuliko wewe, na pale alipokwama unapaacha vilevile.

Mwingine ni mzee anayekunywa kila jioni na bado anakwenda kazini, watoto wanasoma, nyumba haijauzwa. Huyu anaamini kabisa kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Imani anayo tele, ila haoni kwa nini aache. Ukimwambia "unaweza, mzee wangu, jitie moyo tu," umempa asichohitaji. Wote wawili huandikiwa sentensi ileile kwenye faili, na wote wawili huondoka bila msaada unaowafaa.

Yuko na wa tatu, ambaye husahaulika kwa kuwa hasumbui mtu. Anakaa kimya, hajibu, ukimwuliza anataka nini mbele ya safari anasema hajui. Hana hamu ya kula wala ya watu. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona huondoa uwezo wa kuiona kesho iliyo tofauti na leo. Kabla ya kuupima utayari wake ni lazima umwulize habari za usingizi, huzuni na mawazo ya kujiua, na umwulize waziwazi bila kuzunguka. Sonona ikitibiwa, mtu yuleyule aliyeonekana hana haja ya kuacha huanza kuuliza mwenyewe maswali ya kuacha.

Wazo la kusubiri "mpaka afike mwisho" lina historia, na ni vizuri tuijue kwa sababu linatumika vibaya kwa jina la watu ambao hawakulisema hivyo. Lilikuzwa na Alcoholics Anonymous, chama cha wanaoacha pombe kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935. Wanachama wa mwanzo walikuwa watu walioharibikiwa kabisa: kazi zimekwenda, familia zimekwenda, wengine wamelazwa mara nyingi. Ndipo ikaonekana kana kwamba sharti mtu aanguke hadi chini kabisa ndipo ainuke. Lakini maandishi yao ya mwaka 1953 yanaendelea mbele ya hapo. Yanasema baadaye walianza kuja watu ambao bado wana kazi, afya na familia, na ili kuwaokoa hao wasipitie jehanamu yote, ilibidi ile "chini" iinuliwe iwafikie walipo. Yaani waanzilishi wenyewe walikataa kusubiri. Sisi tumebeba nusu ya kwanza ya maneno yao, nusu ya pili tukaiacha njiani, na sasa nyumba za upataji nafuu zinazofuata hatua kumi na mbili za chama hicho zinabebeshwa lawama ya kauli isiyokuwa yao.

Kwa heroini, kusubiri huko ni hatari hasa. Chini kabisa ya unga mara nyingi ni kaburi. Na aliyekaa miezi kadhaa bila kutumia, mathalani gerezani, mwili wake umesahau kiwango cha zamani. Akirudia kipimo chake cha kale anaweza kuacha kupumua. Pombe nayo ina mtego wake. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, ukimtaka athibitishe utayari kwa kuacha ghafla leo, anaweza kupata kifafa, kuweweseka, hata kufa. Huyo anahitaji hospitali na dawa za kumshusha taratibu. Kumjaribu namna hiyo ni kuhatarisha maisha yake.

Upande wa pili wa historia ni wa William R. Miller, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1982 alikuwa Norway, karibu na Bergen, akifundisha wanasaikolojia vijana namna ya kutibu walevi. Wakawa wanaigiza mazungumzo ya tiba, nao wanamsimamisha kila mara: kwa nini umeuliza hilo, kwa nini umenyamaza hapo? Kwa kujibu maswali yao akagundua kanuni alizokuwa akizifuata bila kuziandika, akazichapisha mwaka 1983. Mwaka 1991 yeye na mwanasaikolojia mwenzake, Stephen Rollnick, wakazipanua. Kiini chake ni hiki: mtu mwenye nia mbili ukimvuta upande mmoja, atautetea ule mwingine. Ukimwambia "lazima uache," atakupa sababu za kuendelea, na kadiri anavyojisikia akizitaja ndivyo anavyoziamini. Utafiti ambao Miller na wenzake waliutoa mwaka 1993 kuhusu wanywaji ulionyesha kwamba kadiri mtoa huduma alivyowabana na kuwakabili, ndivyo walivyokunywa zaidi hata mwaka mmoja baadaye.

Kwa hiyo utayari una wawili ndani yake, mteja na sisi tunaozungumza naye. Ukali wetu unaushusha, na swali zuri linaupandisha. Nina swali moja ninalolipenda kuliko yote. Mazungumzo yake huenda hivi:

"Kaka, toka sifuri mpaka kumi, kuacha kuna umuhimu gani kwako?"

"Tatu."

"Kwa nini umesema tatu, hukusema sifuri?"

Mnasihi mchanga atauliza kwa nini siyo tisa, na hapo mteja ataanza kutoa visingizio. Ukiuliza kwa nini siyo sifuri, inabidi atafute sababu zake mwenyewe za kuacha, azitaje kwa mdomo wake. "Mama amezeeka. Simu yake niliiuza mimi." Usimkatize hapo, wala usiongeze hotuba. Kisha mgeukie kitu cha pili.

"Na ukiamua kesho, unajiamini kiasi gani?"

"Hapo moja tu, sista."

"Nini kitaitoa hiyo moja iende tatu?"

"Nikipata kitu cha arosto."

Jibu hilo limeshakuonyesha mlango wa kubisha. Kwa Dar es Salaam kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na huduma hiyo imeenea mikoa mingine pia. Mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, na baada ya hapo ndipo ushauri nasaha unapopata kichwa cha kusikiliza. Wapo wanaosema kwamba anayeomba methadoni "hajawa tayari kuacha kweli." Huyo anayeamka kila asubuhi kwenda kupanga foleni kliniki ameuonyesha utayari wake kwa miguu, na sijui tunamtaka aonyeshe nini zaidi.

Vivyo hivyo kwa aliyeletwa na ndugu zake. Wengi hufika kwa sababu mama amelia au mke ametishia kuondoka. Hiyo ni sababu ya kufika, na inatosha kwa siku ya kwanza. Sababu yake mwenyewe ataipata akiwa ndani, tukimpa nafasi ya kuitafuta.

Basi wenzangu, tunapoandika barua ya rufaa tujaribu kuandika kinachokosekana. "Anataka, haamini kwamba ataweza, anaogopa arosto, apelekwe methadoni." Au: "Haoni haja bado, tumekubaliana azungumze nami tena Jumanne." Au: "Dalili za sonona, aonwe na daktari wa afya ya akili kabla ya mengine." Nafasi ni ileile ya mstari mmoja, na atakayeipokea barua atajua pa kuanzia.