Makaburi ya Mjerumani hayana dhahabu jamani

Huku kwetu Mwanza wengi tumekua tukisikia kwamba kaburi la zamani lenye maandishi ya Kijerumani ni alama tu, chini kuna dhahabu, Wajerumani waliizika walipowakimbia Waingereza 1916. Mi mwenyewe niliamini. Ila ukisoma jiwe lenyewe sio fumbo la siri wala ramani, "Hier ruht" ni "hapa amepumzika", "geb." kazaliwa, "gest." kafariki, basi, na enzi zile malaria na homa ziliua vijana wengi kwahiyo umri mdogo usikushtue. Piga picha kwa simu jua likiwa pembeni herufi zinatoka vizuri, halafu linganisha na daftari la mazishi la parokia, waulize na wazee. Kufukua usijaribu, ni kosa kisheria.