Kamba za sitaha kwenye kayaki ya mbao: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mafundi wengi wa Mombasa wamekulia kwenye mashua, ambazo mbao zake ni nene na msumari ukiingia unapata pa kushika. Kayaki ya kujitengenezea ina sitaha ya plaiwudi ya milimita 4, labda na kitambaa chembamba cha faibagilasi juu yake. Mazoea ya mashua yakihamishiwa hapo, vishikio vya kamba hung'oka siku ile ile mtu anapovihitaji.

"Skrubu mbili zatosha, sitaha yenyewe ngumu"

Skrubu hushika kwa meno yake. Ndani ya plaiwudi ya milimita 4, skrubu namba 8 inang'ata kwa meno mawili hivi, basi. Sitaha huweza kubeba uzito unaoikandamiza, lakini kuvutwa kwenda juu ni habari nyingine. Mtu mzima akishika kamba huku wimbi likikiinua chombo, skrubu hutoka na unga wa mbao.

Kinachotakiwa ni kibao cha ndani. Kata plaiwudi ya milimita 6, ukubwa usiopungua sentimita 5 kwa 5, chonga kingo ziteremke ili sitaha isipasuke pale kibao kinapoishia, kisha kigundishe upande wa chini kwa epoksi (gundi ya kuchanganya vitu viwili, resini na kigumishi) iliyokolezwa kwa unga laini wa mbao. Fanya kazi hii kabla hujaifunga sitaha, kwa kuwa baadaye mkono haufiki omoni (mbele) wala tezini (nyuma). Juu yake weka bolti ya milimita 5, washa (kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati) pana ya milimita 20 au 25, na nati yenye pete ya nailoni ili isilegee kwa mtikisiko. Ukitumia vipande vya mvule vilivyobaki, kumbuka mbao hiyo ina mafuta: ipige msasa, ifute kwa asetoni, uigundishe papo hapo.

"Faibagilasi imeshaziba, maji hayaingii"

Imeziba mpaka ulipotoboa. Tundu la keekee hufichua matabaka ya plaiwudi kwa ndani, na matabaka hayo hunywa maji upesi. Dalili ya kwanza ni doa jeusi linalotambaa chini ya vanishi kuzunguka kichwa cha bolti. Ukiliona doa hilo, maji yameshaingia kitambo.

Wengi huogopa maji ya chumvi peke yake. Fangasi wanaoozesha mbao hupenda zaidi maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mvua za Aprili na Mei zinazotuama juu ya kayaki iliyolazwa uani huweza kuleta madhara kuliko siku nzima kwenye mkondo wa Tudor.

Namna ya kutoboa ni hii. Kwa bolti ya milimita 5, toboa tundu la milimita 8. Bandika utepe upande wa chini. Paka kwanza epoksi nyepesi kwa kijiti ili mbao inywe ishibe, kisha jaza epoksi iliyokolezwa mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Iache siku nzima, ndipo utoboe tena milimita 5 katikati. Sasa bolti inapita kwenye epoksi tupu, haigusi mbao popote. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka ya kuona chombo kimekamilika, na hakuna nyingine inayoamua umri wa sitaha kama hii.

"Joto likizidi, punguza kigumishi, ukiwa na haraka, ongeza"

Usiguse vipimo. Ukibadili uwiano, epoksi haikauki haraka wala polepole, inabaki laini tu. Kwa joto la nyuzi 30 changanya kidogo kidogo, uimwage kwenye sahani pana, maana ikirundikana kikombeni hujichemsha yenyewe.

"Kamba ya mpira inatosha pande zote"

Hapa ndipo maisha yalipo. Kamba ya mpira ni ya kushikilia vitu: kafi ya akiba, chupa ya maji, pampu. Mtu aliyepinduka nje ya mwamba wa Nyali anahitaji kitu kisichonyumbuka. Ubavu uliopakwa vanishi ukilowa huteleza, hauna pa kukamata, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu kayaki tupu huenda kasi kuliko muogeleaji. Kwa hiyo pitisha kamba ya poliesta ya milimita 6 kuzunguka sitaha, omo hadi tezi, pande zote mbili. Nailoni haifai sana hapa, kwani ikilowa hurefuka na kulegea.

Vishikio vikae umbali wa sentimita 60 hadi 90. Kamba ilale karibu na sitaha, ila vidole vinne viingie chini yake bila shida. Ikilegea zaidi hukamata mkono au kafi; ikikazwa kama uzi wa gambusi, mkono uliochoka hauwezi kuishika.

"Sumaku ikikataa, hicho ni chuma cha baharini"

Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 na cha 316 vyote kwa kawaida havivutwi na sumaku, hivyo kipimo hicho hakitofautishi kitu. Cha baharini ni 316. Tafuta alama iliyopigwa kichwani mwa bolti. Hata 316 huliwa pale maji ya chumvi yanapokwama bila hewa, hasa chini ya kichwa na ndani ya tundu. Skrubu za shaba ya manjano nazo hupoteza zinki baharini, zikabaki dhaifu ilhali kwa macho ni nzima.

Njia ya kuepuka chuma kabisa ipo: vitanzi vya ukanda wa poliesta wa milimita 25, ncha zake zikilowekwa epoksi na kugundishwa chini ya sitaha kupitia mwanya mwembamba. Ukiamua kuvifunga kwa bolti, tundu la ukanda litoboe kwa msumari uliopashwa moto, usitumie keekee. Keekee hukata nyuzi. Moto huziyeyusha zikashikana.

"Silikoni ndiyo ya kuzibia"

Silikoni huacha mafuta ambayo baadaye hayakubali epoksi, vanishi wala rangi, hata ukipiga msasa. Tumia gundi ya kuziba ya poliyurethani chini ya kila kishikio. Kaza bolti nusu, subiri gundi ishike hadi kesho yake, kisha malizia robo mzunguko. Ukikaza yote mara moja, gundi yote hukamulika nje.

Kabla ya kupeleka chombo majini, funga kamba kwenye kila kishikio na uvute juu kwa uzito wa mwili wako wote, mwenzako akishikilia kayaki. Sikiliza: kinacholia kifungue, uangalie kibao chake.