Je, wajua? Mpokeaji aliyeachwa na timu zote 32 alifikaje kudaka mipira 903

Oktoba 10, 2004, mjini Foxborough, jimbo la Massachusetts. Miami Dolphins wako ugenini kwa New England Patriots, na mpigaji wao wa mipira ya mguu, Olindo Mare, anaumia akipasha misuli kabla mechi haijaanza. Katika futiboli ya Marekani mpigaji ana kazi hiyo moja, na timu haibebi wa akiba. Makocha wakamgeukia kijana wa miaka 23, urefu mita 1.75, aliyekuwa na wiki chache tu kwenye timu. Siku ile kijana yule alipiga mipira ya kuanzisha mchezo, akapata pointi ya nyongeza, akafunga bao la mguu kutoka yadi 29, akakimbia na mipira iliyopigwa na wapinzani, na akamwangusha mpinzani mmoja kwa mikono yake. Miami walilala 24-10. Hata hivyo upande wa pili wa uwanja alikuwepo kocha Bill Belichick, naye alimwona.

Kijana huyo ni Wes Welker, mpokeaji, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kudaka mipira inayorushwa na wenzake. Miezi sita kabla ya siku hiyo, timu zote 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, zilikaa kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Zilipita raundi 7, yakatajwa majina 255, lake likakosekana. Alipostaafu alikuwa amedaka mipira 903 na kukusanya yadi 9,924. Katika wapokeaji wote walioingia ligi mwaka ule, ni Larry Fitzgerald peke yake aliyedaka mingi zaidi, na Fitzgerald alichaguliwa wa tatu.

Kwa miaka mingi habari kama hii niliielewa vibaya. Niliuchukulia uteuzi wa NFL kama matokeo ya mtihani wa taifa: jina likitoka umefaulu, lisipotoka umefeli, na atakayeibuka kutoka kwa waliofeli ni muujiza. Nilidhani asiyeteuliwa amepimwa na watu 32 wenye macho, na wote wamekubaliana kwamba hawezi. Ndivyo hadithi hizi zinavyosimuliwa kwa kawaida, na ndiyo maana zinavutia. Lakini tafsiri hiyo inakosea tangu mwanzo, kwa sababu kinachogawiwa siku ya uteuzi ni haki, wala hakuna anayesahihishiwa mtihani.

Timu inapotaja jina la mchezaji, inapata haki ya kuwa timu pekee inayoweza kuzungumza naye mkataba. Basi. Haimhakikishii nafasi uwanjani, na ukiteuliwa raundi ya mwisho hata fedha za maana hupati. Kwa mchezaji, maana yake ni kwamba mlango mmoja umefunguliwa na milango 31 imefungwa siku hiyo hiyo. Uteuliwe na timu yenye wapokeaji sita wazuri, utakwenda huko huko ukapigane nao.

Fikiria walimu wawili wanaosubiri ajira. Mmoja jina lake limetoka, kapangiwa kituo, lazima akaripoti alikopangiwa, hata kama shule ile ina walimu watatu wa hesabu na yeye somo lake ni hilo hilo. Wa pili jina halikutoka. Hana barua wala nauli. Lakini anaweza kuzunguka mwenyewe shule kwa shule akiuliza: nyinyi hamna mwalimu wa hesabu? Akikuta shule ambayo watoto wana muhula mzima bila mwalimu wa somo hilo, anaanza kazi Jumatatu.

Mchezaji asiyeteuliwa ni yule mwalimu wa pili. Raundi ya saba inapoelekea ukingoni, simu za mawakala huanza kulia hata kabla majina ya mwisho hayajasomwa. Timu zinapiga kuwauliza vijana waliobaki kama watakubali kuja kwao, na wakala mwenye akili hukaa na orodha za timu mezani akihesabu: hapa kuna wapokeaji wangapi, nani mkataba wake unaisha, nani goti lake bovu, kocha gani anapenda wachezaji wa aina hii. Kwa sababu hiyo, kwenye ligi hii utasikia mawakala wakisema kwamba mteja wao akifika mwisho wa raundi ya saba bila kutajwa, ni heri asitajwe kabisa.

Kuna na suala la muda. Chini ya makubaliano ya pamoja ya 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, mkataba wa kwanza wa aliyeteuliwa ni wa miaka 4, na wa asiyeteuliwa ni wa miaka 3. Aliyeachwa akifanikiwa, anafika sokoni mapema. Enzi za Welker kanuni zilikuwa tofauti kidogo, ila mlango wenyewe ulikuwepo: mchezaji mwenye misimu mitatu aliyemaliza mkataba aliweza kupokea ofa za timu nyingine, na timu yake ikawa na hiari ya kumpa mkataba sawa na ofa hiyo au kumwachia kwa fidia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Msimu wa 2006 Welker alidaka mipira 67 akiwa Miami, na misimu yake mitatu ikatimia. Mwanzoni mwa 2007 Patriots walimtaka. Walikubaliana na Miami, wakatoa haki ya uteuzi ya raundi ya pili pamoja na moja ya raundi ya saba. Mtu ambaye mwaka 2004 hakuna aliyetumia hata nafasi ya 255 kumchukua, miaka mitatu baadaye alinunuliwa kwa nafasi ambayo timu nyingi huweka kwa mchezaji wa kuanza kikosini. Mwili wake ulikuwa ule ule, na urefu haukuongezeka hata sentimita moja.

Sasa kwa nini hawakumwona mwanzoni? Alitoka Oklahoma City, akasoma Texas Tech, chuo ambacho kocha Mike Leach alirusha mpira karibu kila mara. Huko alirudisha mipira ya wapinzani hadi mstari wa mwisho mara 8. Bado hakualikwa kwenye vipimo vya Indianapolis, ambako kila mwaka vijana hupimwa urefu, kuruka juu, na kasi ya yadi 40, yaani mita 36.6 kwa mstari ulionyooka.

Jibu la kweli limo kwenye maneno hayo ya mwisho: mstari ulionyooka. Kazi ya Welker haikuwa na mstari wa namna hiyo.

Wapokeaji wa pembeni husimama karibu na mstari wa nje. Mstari ule kwao ni ukuta, kwa hiyo mlinzi anajua kuna upande mmoja wa kukimbilia, na mshindi ni mwenye mbio au mwenye kimo. Hawa ndio wanaopimwa vizuri na saa ya Indianapolis. Welker alisimama ndani, kati ya mpokeaji wa pembeni na kundi la watu wazito wa katikati. Ukisimama pale una nyasi kushoto na nyasi kulia. Anayemlinda mtu kwenye ujia mwembamba ana kazi ngumu, lakini anayemlinda mtu mahali palipo wazi pande zote ana kazi mbili kwa wakati mmoja.

Tazama mchezo mmoja tu kwa karibu. Mpira unatolewa. Welker anaenda mbele hatua tano, sita, bila kuonyesha kitu, magoti yamekunjwa kidogo. Hajaamua anakoelekea, na hata kwotabeki, yule anayerusha mpira, hajaamua. Wote wawili wanaangalia kitu kimoja: nyonga za mlinzi. Zikielekea ndani, Welker anakata nje. Zikielekea nje, anakata ndani. Mlinzi akirudi nyuma kulinda eneo badala ya kumfuata mtu, Welker anasimama palepale kwenye uwazi na kugeuka. Kabla hajageuka mpira umeshaondoka mkononi mwa Tom Brady, kwotabeki wa Patriots. Yote hayo yanaisha ndani ya sekunde mbili na ushei.

Ugumu wake uko kwenye kukubaliana bila kusemezana. Wakimsoma mlinzi tofauti, mmoja akaona ndani na mwingine akaona nje, mpira unaangukia mikononi mwa adui. Ni kama nahodha na mwenzake wa tanga kwenye jahazi. Upepo ukigeuka ghafla hakuna muda wa kupiga kelele, mmoja anageuza usukani na mwingine analegeza kamba, na kila mmoja anajua la mwenzake kwa sababu wote wameusikia upepo ule ule shavuni. Baharia wa namna hiyo huwezi kumjua kwa kumkimbiza nchi kavu ukiwa na saa mkononi.

Wasomaji wa kandanda wanalijua hili. Kiungo mfupi anayepokea mpira katikati ya watu wanne na kuwaacha kwa mguso mmoja hupotea kabisa ukipanga wachezaji kwa mbio za mita 40. Tofauti ni kwamba kwenye futiboli ya Marekani ya mwaka 2004 timu nyingi bado ziliiona nafasi ile ya ndani kuwa ya mpokeaji wa tatu, wa kuingia na kutoka. Ukiamini kazi ni ndogo, hutapoteza nafasi ya uteuzi kumtafuta fundi wake. San Diego Chargers ndio waliompa Welker mkataba wa kwanza, wakamchezesha mechi moja, kisha wakamkata ili wapate nafasi ya kumsajili mtu mwingine. Siku chache baadaye Miami wakamchukua.

Patriots waliifanya nafasi ya ndani kuwa kitovu cha mashambulizi yao. Matokeo yake: mipira 112 mwaka 2007, 111 mwaka 2008, 123 mwaka 2009 ingawa alikosa mechi mbili, 122 mwaka 2011, na 118 mwaka 2012. Mwaka unaokosekana hapo, 2010, ana mipira 86, na mimi nauheshimu kuliko mingine. Januari 3, 2010, kule Houston, goti lake la kushoto lilichanika mishipa ya ndani bila hata kuguswa na mtu, wakati akigeuza mwelekeo. Yaani lilivunjika jambo lile lile alilolijua kuliko wote. Septemba 12 ya mwaka huo huo alikuwa uwanjani katika mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Cincinnati, na alifunga mara mbili.

Inafaa tujizuie kidogo hapa. Tunawajua walioachwa wakafaulu kwa sababu walifaulu. Kila kiangazi timu hujaza kambi kwa wachezaji hadi 90, na msimu unapoanza wanabaki 53, pamoja na kikosi kidogo cha mazoezi. Wanaokatwa wengi ni hawa hawa wasioteuliwa. Uhuru wa kuchagua timu ni kitu cha kweli, lakini hausaidii kama mkataba wako hauna fedha za uhakika zinazoifanya timu isite kukukata. Aliyeteuliwa raundi ya kwanza akikosea wiki mbili anasubiriwa, wewe ukikosea siku mbili unaitwa ofisini urudishe kitabu cha mbinu. Pia si sawa kusema waliomchagua mtu mwingine walikuwa vipofu. Mwaka 2004 wapokeaji saba walichukuliwa raundi ya kwanza. Wa mwisho wao, Rashaun Woods, naye ni mtoto wa Oklahoma City, na chuoni alitamba kweli. Akaandamwa na majeraha, akamaliza maisha yake ya NFL na mipira 7. Hakuna saa wala mizani ambayo ingelijua hilo.

Na Welker hayuko peke yake. Drew Pearson aliingia Dallas mwaka 1973 bila kuteuliwa na leo yumo kwenye Jumba la Watukufu wa mchezo huo. Rod Smith wa Denver alianza 1994 kwenye kikosi cha mazoezi, akatwaa ubingwa mara mbili na kuwa wa kwanza miongoni mwa wasioteuliwa kuvuka yadi 10,000 za kudaka. Victor Cruz wa New York Giants na Adam Thielen wa Minnesota walipita mlango huo huo. Thielen mwaka 2018 alivuka yadi 100 katika mechi nane za kwanza mfululizo.

Ubingwa ndio uliomponyoka Welker. Alicheza fainali tatu, mbili akiwa na Patriots na moja akiwa na Denver, na zote alishindwa. Katika ile ya Februari 2008 alidaka mipira 11, ikalingana na rekodi ya fainali ya wakati ule, na bado Giants wakashinda 17-14.

Miami na New England wako kundi moja, kwa hiyo baada ya kumuuza, Miami walikutana na timu yake hiyo mpya mara mbili kila msimu. Septemba 12, 2011, ndani ya uwanja wa Miami, Patriots walikuwa wamebanwa hadi yadi moja kutoka mstari wao wenyewe. Welker alianzia ndani, akampita mlinzi wake, akadaka, akakimbia hadi upande wa pili. Yadi 99. Kanuni za uwanja haziruhusu mchezo wa kurusha mrefu kuliko huo. Mwaka 2022 alirudi Miami kwa kazi nyingine, safari hii akiwa kocha wa wapokeaji.