Nailoni Chini ya Kokoto, na Dhana Nyingine Zinazoharibu Bustani

Karibu kila anayetaka kupunguza ukoka nyumbani huja na wazo lilelile: "Tutandike nailoni, tumwage kokoto, tusahau palizi." Na huwa hataki kubishiwa.

Dhana: Nailoni na kokoto humaliza magugu

Nailoni huzuia magugu yanayotoka chini, tena kwa muda. Mengi huja kutoka juu. Upepo huleta vumbi na mbegu, majani huanguka na kuozea katikati ya kokoto, na muda si mrefu unakuwa na tabaka jembamba la udongo juu ya nailoni. Mbegu huota humo. Ukivuta gugu, nailoni inachanika nalo. Kile kitambaa cheusi kilichofumwa, ambacho wauzaji wanasema "kinapumua", mwisho wake ni huohuo: vitundu vyake huziba kwa tope.

Chini yake ndiko kubaya zaidi. Mvua haizami, inateremkia ukutani au barazani. Mabaki ya majani hayaufikii udongo, nyungunyungu wanakosa chakula, udongo unashikana. Vichaka ulivyopanda kwenye matundu hutambaza mizizi juujuu, kati ya nailoni na kokoto zilizopata moto, hivyo wiki moja ya jua kali inatosha kuvinyausha. Na ukoka wenyewe? Unasafiri chini kwa chini hadi upate lile tundu ulilokatia kichaka chako, unachomozea hapo. Siku ukichoka na kutaka kuiondoa nailoni, utaokota vipandevipande vilivyochanganyika na kokoto na udongo.

Nailoni naikubali kwa kazi moja tu: iwe angavu, itandazwe juu ya udongo uliolowa, kingo zifukiwe, ikae wiki 4 hadi 6 za jua kali, kisha itolewe. Joto huua mbegu nyingi na magugu machanga. Ikiachwa hapo inageuka takataka.

Badala ya nailoni, tumia maboksi kuua ukoka. Kata ukoka uwe mfupi kabisa, umwagilie hadi udongo ulowe. Chukua maboksi ya kahawia yasiyong'aa, bandua utepe wote na ung'oe pini, uyatandaze yakipishana sentimita 20. Ukiacha mwanya wa upana wa kidole, ukoka utautafuta na kuupata. Yaloweshe mpaka yalegee, maana boksi kavu hupeperushwa na upepo. Juu yake weka matawi yaliyosagwa, unene wa sentimita 10; mita moja ya ujazo inatosha mita 10 za mraba. Karibu na shina la mti au kichaka acha wazi sentimita 10, la sivyo gome litaoza.

Kisha mfereji. Mpakani na ukoka uliobaki, chimba kina cha sentimita 20, upana wa koleo, na ukate kila kinachojaribu kuvuka. Hapa ndipo watu wanaporuka hatua, halafu wanayalaumu maboksi. Vichipukizi vitakavyopenya ving'oe kila wiki vikiwa vidogo, kabla majani hayajaanza kuilisha mizizi upya.

Dhana: Matandazo ya mbao hunyonya naitrojeni ya mimea

Matawi yaliyosagwa yakikaa juu ya udongo, hunyonya kirutubisho hicho katika tabaka jembamba tu linalogusana nayo. Madhara huja ukiyachanganya na udongo. Basi usiyalime.

Dhana: Mimea ya asili haihitaji kumwagiliwa

Ikishashika, ndiyo. Msimu wa kwanza mche una mizizi isiyozidi sana mfuko ulimotoka. Mwagilia mara chache lakini kwa kina. Kunyunyizia kidogokidogo kila jioni huifanya mizizi ibaki juu. Baada ya kumwagilia, chimbua pembeni. Kama unyevu haujafika sentimita 15, rudia.

Dhana: Ukoka ukipungua, watoto watakosa pa kuchezea

Tazama ukoka umechakaa wapi. Hapo ndipo wanapocheza, na mara nyingi ni sehemu ndogo ya eneo zima. Bakiza hapo, kwingine panda.

Dhana: Maua yataleta nyuki wawaume watoto

Nyuki aliye kwenye ua hana habari na mtoto. Huuma akikanyagwa, akishikwa au mzinga ukichokozwa. Kwa mtoto anayetembea peku, vijiua vilivyojificha ndani ya ukoka ni hatari kuliko kichaka kilichojaa maua. Panda maua mbali na njia na mahali pa kuchezea, inatosha. Ajabu ni kwamba wanaohofia nyuki huwa hawaulizi kuhusu mbarika, ambao mbegu zake za madoadoa humvutia mtoto na zina sumu kali, wala kuhusu oleanda, kichaka cha mapambo ambacho ni sumu kuanzia jani hadi ua. Hiyo miwili ing'oe wiki hii ukiwa umevaa glavu, usiichome moto, na okota kila mbegu ya mbarika iliyoanguka chini.